Mzee Geuza, Baba wa Watoto Wawili

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu na wa kiume pekee kwa wazazi wake, ambao wote wametangulia. Shangazi, dada yake mkubwa, anasema alizaliwa kimya. Mkunga alimpiga makofi ndipo akalia, na tangu siku hiyo ilikuwa lazima umchokoze ndipo aseme. Sisi wa nyumbani tunathibitisha. Wanafunzi wake watashangaa, maana kwao alikuwa msemaji.

Nawataja wanafunzi mapema kwa sababu. Tulipokaa kuandaa ratiba hii, wajumbe wao walileta ombi kwamba wasifu useme marehemu ameacha watoto mia tatu na zaidi, yaani sisi wawili aliotuzaa pamoja na wao wote aliowafundisha. Kalamu nilikuwa nayo mimi. Nikawaambia nitaandika kwanza maisha yake, hesabu ya watoto itafika mahali pake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968, akaendelea na sekondari, na mwaka 1980 alijiunga na chuo cha ufundi kwa miaka miwili. Akiwa darasa la tano alitumwa maji na ndoo mpya ya plastiki ya mwalimu mkuu, ikapasuka njiani. Mtoto mwingine angeitupa kichakani akakimbia. Yeye aliirudisha ofisini, akamwonyesha mwalimu mkuu kwamba ufa umeanzia penye kona, pale ukuta unapokutana na kitako, na kwamba aliyeitengeneza angeizungusha kona hiyo kidogo isingepasuka. Alichapwa kwa kuvunja ndoo, akachapwa tena kwa kujibu. Kisa hicho aliwasimulia wanafunzi wake kila mwaka, siku ya kwanza ya mafunzo. Mimi nimekisikia juzi, hapa msibani, kutoka kwao.

Mwaka 1983 aliajiriwa katika kiwanda cha vyombo vya plastiki, mabeseni, vikombe na viti. Alianza kwa kufagia punje za plastiki zilizomwagika chini ya mashine, akapanda hadi kuwa fundi wa kufunga moldi, yale machuma mazito mawili yanayobanwa pamoja, plastiki iliyoyeyuka ikasukumwa katikati yake, yakifunguliwa chombo kinadondoka. Mwaka 1995, baada ya kupelekwa mafunzoni ng'ambo, alikabidhiwa chumba nyuma ya ghala, mashine moja ya zamani na vijana kumi na wawili, akaambiwa awafundishe kuendesha kazi na kubuni vyombo. Hakutoka tena katika chumba hicho mpaka macho yalipomtoa.

Somo lake la kwanza lilikuwa kugeuza. Kila mwanafunzi arudi kwao, ageuze kila chombo cha plastiki kilichomo ndani, atafute kinundu kidogo mahali plastiki ilipoingilia. "Geuza uone," alikuwa akisema, wakampa jina la Mzee Geuza. Somo la pili, ukuta wa chombo uinamie nje kidogo, ukisimama wima utang'ang'ania moldi usitoke. La tatu, unene uwe sawa kila mahali, maana palipo nene hupoa mwisho, na panapopoa mwisho hubonyea. La nne alilisema huku amekunja ngumi. Chombo kikishajaa usikiachie, endelea kukishikilia mpaka kipoe.

Masomo hayo mimi niliyapata dirishani. Nilikuwa ninampelekea chakula cha mchana, na kabla ya kubisha hodi nilisimama nje kidogo kumtazama. Baba ambaye nyumbani alisema "mh" na "lete chumvi", mle ndani alikuwa anarusha mikono, anachekesha watu mpaka wanashika meza. Alijua mama wa nani anaumwa, nani anatembea kwa miguu kutoka mbali, nani ana viatu vinavyombana. Jioni moja alinitazama mezani akaniuliza, "Hivi wewe uko darasa la ngapi vile?" Nilimjibu, nikaondoa sahani.

Nilipomaliza darasa la saba na matokeo yakakataa, nilimwomba anichukue kwenye mafunzo yake. Alikuwa anafunga kamba za viatu. "Kanuni ya kuingia ni kumaliza sekondari," alisema, "na kanuni hiyo niliiweka mimi. Nikiivunja kwako, mtoto wa jirani nitamwambia nini?" Mama alimwambia, "Mwambie ni mwanao." Akasema, "Ndiyo sababu." Akaenda kazini. Nasema haya kwa heshima yake, maana ni kweli alikuwa mtu wa haki. Haki yake wengi waliokaa hapa mbele wameila ikawashibisha, mimi nikabaki na harufu.

Marehemu alifunga ndoa na mama yetu tarehe 18 Agosti 1990. Alipokwenda kwa wakwe kujitambulisha alipewa kiti cha plastiki. Kabla hajakaa alikigeuza miguu juu, akainama kukikagua. Babu, mzaa mama, akamwuliza, "Kijana, unatafuta bei?"

"Hapana mzee. Natafuta ilipoingilia."

"Nani?"

"Plastiki."

Babu akamwita bibi jikoni. "Hebu njoo ujionee mwenyewe, nisije nikaambiwa nimemchongea."

Mama anasema alimpenda hapo hapo. Shangazi anasema alimwonea huruma. Walijaliwa watoto, Kaka na mimi. Wivu humu ndani haukuanza na mimi, maana mashine ile ya chumba cha mafunzo Mama aliiita bi mdogo. Asubuhi akimmiminia chai alimwuliza, "Bi mdogo wako aliamkaje jana?" Na Baba, bila kucheka, alijibu, "Anavuja mafuta kidogo, lakini joto lake liko sawa." Mama akasonya, halafu akamwongezea sukari. Sukari hiyo baadaye tuliiona ubaya wake.

Ugonjwa wa kisukari uligundulika mwaka 2017. Alifuata masharti ya daktari kama alivyofuata masharti ya mashine, lakini macho yalianza kufifia, na mwaka 2022 alistaafu kwa kutoona. Darasa lilishikwa na mwanafunzi wake wa zamani, dada tunayemwita Monita kwa kuwa ndiye aliyekuwa kiongozi wa darasa wakati wake. Monita alikuja kila wiki kumpa habari. Siku ya kwanza Baba hakuuliza mashine wala mitihani.

"Kisa cha ndoo umewasimulia?"

"Nimewasimulia, Mwalimu."

"Wamecheka?"

"Wamecheka sana, Mwalimu. Mmoja alitoka nje."

 Monita alipoondoka, Baba aligeukia ukutani, na chakula alikigusa tu. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni namnyonyesha mwanangu nilijua kinachomuuma, kwa sababu kimeniuma miaka mingi. Hapo ndipo nilipofahamu nimemrithi nani.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kujifungua, nikabaki kumuuguza. Alimpenda huyu mjukuu. Alipitisha dole gumba kwenye ufizi wake akasema, "Limetoka," wakati sisi wenye macho hatujaona jino lolote. Kesho yake tuliliona. Wanafunzi walianza kumletea vyombo walivyobuni avikague kwa mkono, lakini vidole vilikuwa vikifa ganzi kimoja kimoja, limebaki dole gumba la kulia. Akaniita nikae karibu. "Wewe shika, uniambie." Nikawa nashika, namwambia unene, kona, mahali palipokwaruza. Ananiuliza, najibu, ananifundisha hapo kitandani, mtoto mapajani. Monita alipotaka kueleza yeye, nilimwambia, "Dada, mgonjwa ana mtu wake." Ndivyo nilivyosema, na sikuona haya.

Mwanzoni mwa mwaka jana walileta kisahani cha sabuni, kazi ya mwanafunzi mmoja ya kumalizia mafunzo. Kwa chini kilikuwa na mbavu za kukitia nguvu. Nilipapasa juu, nikapapasa pembeni. "Laini, Baba. Kiko sawa."

Monita akainama. "Mwalimu, juu ya ubavu wa pili pamebonyea. Ubavu ni mnene."

Baba akanyoosha mkono. Dole gumba likatembea polepole juu ya kisahani, likafika mahali likasimama. Likakaa hapo. Nilimwona. Kisha akanirudishia mimi, si Monita.

"Mwanangu amesema laini. Kipite."

"Mwalimu!"

"Kipite, nimesema."

Niliyaona macho ya Monita. Nilipomsindikiza mlangoni alikuwa anatafuta kiatu chake. "Mimi kifuniko changu alikirudisha mpaka nikaenda kulia chooni," alisema. "Miaka yote ile sijawahi kumwona anapitisha bonyeo, hata kwenye zawadi ya mgeni rasmi. Wewe leo, kwa neno moja! Unapendwa mpaka inaudhi." Niliporudi ndani nilikishika tena kile kisahani. Bonyeo lilikuwepo, dogo, la kutosha punje moja ya mchele. Sikumwambia kitu, naye hakuniambia. Mwanafunzi yule alirudishwa kwenye mchoro wake huko huko darasani, Baba asijue, au akajua akanyamaza.

Figo zilishindwa mwezi wa nne mwaka huu. Alilazwa, akaomba arudishwe nyumbani, akarudishwa. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, Mama akiwa ameshika mkono wake, alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, na hakuvuta nyingine.

Sasa hesabu ya watoto. Mjadala wake sebuleni ulikuwa mrefu. Shangazi alitoa kipimo chake, kwamba mtoto ni yule aliyemkojolea marehemu mgongoni, na asiyemkojolea akae na wageni. Monita hakukubali. "Shangazi, kukojoa hatukukojoa, lakini mafuta ya mashine yote tumemmwagia sisi."

"Na mashati nimefua mimi," Mama akasema.

Kaka akacheka, akaniambia, "We andika mia tatu yaishe. Karatasi haina wivu kama wewe."

Nikamwuliza Monita, "Kile kisahani cha sabuni unakikumbuka?"

"Nitakisahau vipi."

"Wewe katika miaka yote alikupitishia kosa gani?"

Alifikiri kweli, kwa haki, kama alivyofundishwa. Akasema, "Hakuna." Akajifuta uso kwa upande wa mkono. "Hata moja." Mtoto akawa anavuta kitambaa cha meza. Halafu akasema, "Basi andika wanafunzi. Lakini tuwe na mstari wetu wenyewe, msituchanganye na majirani."

Nimeandika kama tulivyokubaliana.

Marehemu ameacha mjane mmoja, dada zake wawili, watoto wawili, mkwe wa kiume na mkwe wa kike, na wajukuu watatu, wa mwisho bado ananyonya.

Ameacha pia wanafunzi zaidi ya mia tatu, ambao hakuwahi kuwapitishia kosa hata moja.

Mungu ampokee, ampe usingizi mwema usio na maumivu. Wanafunzi, mlieni Mwalimu wenu, ni haki yenu na hatuwanyimi. Baba tuachieni sisi.