Aje Maji Yakiwa Yamekupwa

Kwenye basi la asubuhi, kiti cha mbele yangu, mwanamke mwenye madoa ya rangi vidoleni alikuwa akimsimulia mzee asiyemjua habari za nyumba ya marehemu baba yake iliyo ufukweni. Mnunuzi anakuja leo. Ufa wa chumba cha nyuma, kile kinachotazama bahari, wameuziba kwa saruji, wakaupaka rangi, kisha wakausukumia kabati.

"Tulimwambia aje asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, aone ufuo mpana. Sasa kapiga simu, atakuja alasiri. Mzee wangu, alasiri maji yanapiga ukuta! Kabati lenyewe linatetemeka."

"Kumbe kabati mmeliajiri kazi ya ukuta," mzee akacheka, kisha akaacha. "Mwambieni ukweli, mwanangu."

"Nikimwambia hanunui. Na mama yangu analala chumba hicho hicho, hana pa kuhamia mpaka tuuze. Maji yakijaa usiku, nakaa macho nimemshika mkono."

Ufuo ule naujua. Nayakumbuka malori yaliyochota mchanga wa ufuo ule kujengea hoteli, bahari ikasogelea nyumba. Sisi tuliopinga tuliitwa wachochezi. Leo hoteli ina ukuta wa mawe mbele yake, na familia hii ina kabati.

"Huyo mnunuzi ana watoto?" mzee akauliza.

"Ana mapacha. Jana niliwasikia kwenye simu wakigombania chumba chenye dirisha la baharini."

"Si ndicho hicho chenye ufa?"

Basi lilikuwa linasimama. "Mimi nashuka hapa," mwanamke akasema, akashuka.