Bi Majani na Picha ya Saa Sita

Wasifu huu unaanza kusomwa saa tano na dakika hamsini na tano, na lazima uishe saa sita. Ratiba imepangwa hivyo makusudi, na sababu itajulikana. Dada yetu mkubwa, tuliyemwita Bi Majani, alikuwa mtu wa saa, na leo si siku ya kumchelewesha.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, kifungua mimba wa muuguzi na mpiga chapa. Ubishi alikuwa nao tangu tumboni: mama alisema uchungu wake ulibishana na wakunga siku mbili. Alisoma shule ya msingi iliyopakana na karakana ya baba, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1990 akapata stashahada ya kilimo.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kituo cha utafiti wa mbegu, akadumu hapo miaka thelathini na mitatu. Kazi yake ilikuwa kuchuma majani na kuyapima kwa rula. "Jani ukishalichuma unapima maiti," alizoea kusema. "Mimi nataka habari za lililo hai." Mashine za kupima mimea kwa picha zilikuwapo duniani, ila kituo hakikuwa na ubavu wa kuzinunua. Basi akaokota kabati la nguo lililotupwa, akalifungia taa mbili na simu kuukuu iliyotazama chungu cha mmea kutoka juu. Kompyuta ilisoma ukijani wa kila picha, ikaonyesha mmea umekua kiasi gani na umeanza kudhoofika lini. Wenzake walimcheka, eti anazipiga kunde picha za pasipoti.

Tarehe 14 Desemba 1996 aliolewa na fundi cherehani, shemeji yetu, ambaye baadaye ndiye aliyeshona kitambaa cheupe cha kutandika ndani ya kabati, ambacho kompyuta ilikitumia kama kipimo cha rangi. Siku moja shemeji alikiona kimechafuka, akakifua na kukitia bluu kama shati la mteja. Kwa siku tano rangi zote zikapotoshwa, kompyuta ikaziona kunde zina afya tele, hata zilizokuwa zinakata roho. Jaribio likaharibika. Dada alimnunia siku mbili, ya tatu akamwambia, "Fundi, hakuna mwingine aliyewahi kuponya kunde kwa bluu." Tangu hapo shemeji aliliogopa lile kabati.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Tarehe 2 Septemba mwaka huu alianza jaribio lake la mwisho: aina ya kunde aliyoamini inastahimili ukame, siku sitini za maji kiduchu, picha kila siku saa sita mchana. Mkuu wa kituo, aliyekwisha kulichoka kabati, alimpa sharti: ikikosekana picha ya siku moja tu, vyungu vinamwagwa na mbegu inafutwa. Siku ya ishirini na sita dada alilazwa. Shemeji akapokea ufunguo wa kabati.

Alhamisi tarehe 17 Oktoba, siku ya arobaini na sita, shemeji aliitwa hospitali haraka. Dada akafumbua macho.

"Saa ngapi?"

"Saa sita kasorobo."

"Sasa wewe unafanya nini hapa?"

"Mke wangu, leo siendi."

"Fundi, jaribio moja ulishaniharibia. Nenda."

Kituo ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Picha ilipigwa saa sita kamili. Dada alifariki saa sita na dakika nne, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake anayesoma haya. Shemeji alirudi akihema, akaona shuka limeshafunika uso. Aliuliza kama mkewe alisema neno. Akaambiwa: aliuliza kama umefika kabatini, akajibiwa umefika. Tangu siku ile shemeji hajala vizuri. Anasema, "Nilimwacha." Hukumwacha, shemeji. Ulitumwa.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, wadogo wawili, na vyungu ishirini na vinne, ambavyo leo vinatimiza siku ya arobaini na nane. Mnaoona kiti cha mume kitupu hapo mbele, msinong'one kwamba ni mwanamume gani huyu anayeondoka kwenye mazishi ya mkewe. Ni sisi tuliomsukuma aende. Kaburi litamngoja arudi, na udongo wa kwanza atatia yeye.

Sasa ni saa sita. Pumzika kwa amani, dada. Fundi amefika.