Averil Joan Utting wa Nyumba ya Curlew, Marlness
(14 Machi 1941 – 7 Februari 2023)

Ndugu, majirani na wageni wetu: mimi ni Thelma, mdogo wake marehemu. Nimeombwa nisome habari za maisha yake kwa kuwa nimebaki peke yangu wa kumjua tangu mwanzo. Mwenyewe aliacha agizo nisiseme mengi. “Ukianza kuongea wewe, Thelma, chai itapoa ukumbini.” Nitajitahidi, ila sitoi ahadi.

Dada Averil alizaliwa hapa hapa Marlness, katika chumba cha juu ya duka la mikate la baba yetu, Sidney Bullimore. Mama yetu alikuwa Ivy. Ulikuwa wakati wa vita, ufuo wote umezungushiwa seng’enge, kwa hiyo mtoto huyu wa pwani alitimiza miaka minne kabla hajachovya mguu baharini. Mama alisimulia kwamba siku alipoingia majini kwa mara ya kwanza, ilibidi atolewe kwa kubebwa huku akipiga mayowe.

Alisoma shule ya msingi ya Marlness kuanzia mwaka 1946 hadi 1952, kisha shule ya wasichana mjini Hexby hadi 1956. Ripoti yake ya mwisho ilisema ana akili nzuri lakini anajibu watu ovyo. Baba alikasirika. Averil aliitia kwenye fremu akaitundika chooni, na waliowahi kujisaidia pale Curlew wanaijua.

Baada ya miaka miwili dukani kwa Baba, aliajiriwa na posta mwezi Septemba 1958, akagawa barua kwa baiskeli mpaka alipostaafu mwaka 2001. Nyumba sitini na moja za kijiji hiki alizijua zote kwa majina, na mbwa wa kila nyumba pia. Mzee Dack, alipofiwa na mkewe, alianza kuagiza orodha za mbegu kwa posta na bustani hana, ili mradi Averil agonge mlango. Averil alipogundua, alimwambia, “Mzee wangu, acha kupoteza stempu. Nitagonga tu.” Akagonga kila asubuhi kwa miaka tisa.

Tarehe 5 Juni 1965 alifunga ndoa katika kanisa hili na Desmond Utting, fundi wa vizuizi vya mawimbi, mtu mpole aliyemaliza sentensi zake chache kwa kikohozi. Walipanga vyumba viwili kwa miaka sita. Mwaka 1971 Curlew ikatangazwa inauzwa, nao wakaenda mjini kuomba mkopo wa nyumba. Meneja hakumtazama hata Averil. Alimwambia shemeji, “Mshahara wa mkeo hatuuhesabu. Kesho atapata mtoto aache kazi.” Meneja huyo alikuwa na nyumba ya kupumzikia wikendi hapa Marlness. Averil akamwambia, “Bwana, barua zako nakuletea mimi. Kama kazi yangu haihesabiki, Jumamosi uje uzifuate mwenyewe.” Mkopo ukapita. Mtoto hawakujaliwa, na maneno ya yule meneja yalimuuma kwa miaka mingi kuliko alivyokubali kuonyesha. Desmond alitutoka mwaka 2009.

Tuseme ukweli kuhusu kijiji chetu. Nyumba zimekuwa zikinunuliwa na watu wazuri tu, wenye viatu vizuri tu, wanaokuja Pasaka na Agosti. Januari ya mwaka jana Averil alizunguka saa kumi na moja jioni na fimbo yake akihesabu, akakuta nyumba zenye watu ni ishirini na tatu. Shule ina watoto kumi na wanne. Mashua ya uokoaji inahitaji wahudumu wanaoishi karibu, watakaofika gatini dakika chache baada ya kengele, na nyumba za karibu ndizo zisizonunulika. Jambo hilo lilimnyima raha.

Mwezi Juni mwaka jana daktari alimwambia ana saratani ya kongosho. Alirudi nyumbani, akala yai, kisha akanipigia simu. “Thelma, nauza nyumba, nakuja kukaa kwako. Ngazi zimenishinda.” Nikamwambia asifanye haraka, nyumba nitaishughulikia mimi baadaye. “Nikuachie wewe? Utamuuzia shetani akija na pesa taslimu.”

Nilinuna wiki nzima. Nilinuna kwa sababu alisema kweli.

Wa kwanza kuja kuiangalia walikuwa mume na mke kutoka London. Averil aliamua kuwatisha. “Bomba la chooni linaganda Januari,” akawaambia.

“Jamani, kama zamani!” mke akasema.

“Honi ya kuonya meli kwenye ukungu inalia siku tatu mfululizo.”

“Umesikia, mpenzi? Honi!”

“Darini kuna panya.”

“Watoto watafurahi hao!”

Walipoondoka, Averil alijitupa kitini. “Hawa hata nikiwaambia nyumba inaungua, watauliza kama moto ni wa kienyeji.” Walitaka kulipa bei kamili, taslimu.

Kisha wakaja Keir na Tamsin Larter. Mnawajua: Keir ni fundi wa injini na mhudumu wa mashua ya uokoaji, Tamsin ni mpishi wa shule. Wana watoto watatu, na wanaishi kwenye karavani, kile kijumba cha magurudumu nyuma ya gereji. Benki iliwakubalia mkopo pungufu ya bei. Tarehe 3 Novemba Averil aliwamiminia chai, akawaambia, “Haya, kwa hiyo hiyo ya benki, ni yenu.” Dalali wa nyumba alikaribia kuzimia.

Ila mnaijua sheria yetu. Neno la muuzaji si kitu mpaka mawakili wabadilishane mikataba. Na mawakili nao, sijui walikuwa wanabeba karatasi kwa mkokoteni! Wakauliza habari za mfereji. Wakauliza habari za kijia cha kwenda kisimani, na kisima kilifukiwa kabla sijazaliwa. Hatimaye ikapangwa Ijumaa, tarehe 10 Februari. Dada yangu alifariki Jumanne tarehe 7, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kitandani pake sebuleni Curlew, nikiwa nimemshika mkono. Aliniuliza kama leo ni Ijumaa. Nilimwambia bado. Hakusema tena.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mliyoshika, kwa sababu ilipochapishwa sikuwa nimeamua.

Curlew sasa ni yangu, wala hakuna mkataba unaonifunga. Jumatatu dalali alipiga simu. “Pole sana kwa msiba, Bi Thelma. Wale wa London bado wanaitaka. Wameongeza.” Mimi nina miaka sabini na minane, naishi kwenye nyumba ya kupanga yenye ukungu ukutani, na mwenye nyumba hapokei simu zangu. Nilizitaka zile pesa. Nazitaka hata sasa nikisoma.

Na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza! Watu wa hapa tuna adabu ya ajabu, jambo linalotuumiza ndilo tusilolitaja. Tamsin aliniletea pai, tukazungumzia mvua. Keir alinipasulia kuni, tukazungumzia mvua. Wiki mbili nzima mvua! Juzi nikamkuta Tamsin jikoni Curlew anaosha vikombe vya waliokuja kuhani, machozi yanadondokea kwenye sinki. Akaniambia, “Usijali, Bi Thelma, ni kitunguu.” Kitunguu chenyewe hakikuwepo.

Jana asubuhi nilimpigia dalali nikamwambia Curlew imeshauzwa, aliiuza dada yangu tarehe 3 Novemba, kwa bei aliyoitaja yeye. Dalali akaniambia kisheria sivyo. Nikamjibu kwamba kisheria anaweza pia kufunga simu.

Mahakama itachukua miezi kunipa hati ya mirathi. Keir, Tamsin, msingoje kwenye karavani. Hamieni Jumamosi. Na wewe Tamsin, lia tu, leo unaruhusiwa.

Karatasi inasema marehemu ameacha mdogo mmoja, Thelma Pegg. Naomba mchukue kalamu. Ameacha pia watu wa nyumbani kwake Curlew: Keir na Tamsin Larter, na watoto wao Nell, Barnaby na Wilf.

Dada, leo ni Ijumaa. Lala salama, kwa amani.