Karata Iliyobaki Mkononi

Mgeni rasmi, Mstahiki Meya wa mji wetu,

Krr. Krr. Kimya. Halafu krr tena, ndefu zaidi.

Hicho ndicho ulichokisikia ulipofika langoni, kabla hujamwona mtu yeyote wala zulia letu la kuazima. Tunakisema bila kukuuliza, maana kila mgeni wetu hukisikia hivyohivyo. Tunaomba radhi kwa mlinzi wako ikiwa amejificha nyuma yako. Si mwizi. Ni kucha za mbwa mmoja mzee aitwaye Kiraka, anayekwaruza bati la mlango wa ndani kila anaposikia mgeni, kwa sababu bado anaamini kila mgeni amemfuata yeye.

KUKUKARIBISHA

Sisi wanakikundi tunakukaribisha kwa mikono miwili iliyonawa vizuri. Tulikusudia kukukaribisha kwa beti kumi na mbili. Shangazi, mwenyekiti wetu, amezipitia kwa mkasi, na imebaki moja hii:

Ishirini wamehama, wamepata pa kuhema,
Amebaki huyu mama, mlangoni amekwama,
Hana meno ya kuuma, mkia wake husema,
Meya ukimtazama, mwenyewe utaungama.

HISTORIA YA KIKUNDI

Mstahiki Meya, ghala hili lilikuwa la magunia matupu. Shangazi ni muuguzi mstaafu, na kila mtu humwita Shangazi, hata mwenye ghala anayemzidi kwa miaka kumi. Miaka mitatu iliyopita aliokota mbwa aliyegongwa na pikipiki, akaomba kona moja ya ghala amfunge mguu. Mwenye ghala alisema, "Kona moja tu, Shangazi." Kufikia mwisho wa mwaka mbwa walikuwa ishirini na mmoja na mwenye ghala ndiye aliyebaki na kona.

Chakula kilitushinda. Chanjo zilitushinda zaidi. Hapo ndipo mwenzetu Mchoraji alipopata wazo.

Mchoraji unamjua, ingawa huenda hujui kuwa unamjua. Ndiye anayeandika mabango ya maduka mjini, na ndiye aliyechora bango kubwa la kampeni ya usafi lenye uso wako. Wazo lake lilikuwa mchezo wa karata. Kila mbwa wa ghala angechorwa kwenye karata mbili zinazofanana. Unachomoa karata mkononi mwa jirani yako bila kuona, ukipata jozi unaiweka mezani, mbwa huyo amepata nyumba. Mchezo tukauita "Twende Nyumbani". Fedha za kuchapa tungechangisha mtandaoni: anayechanga anatumiwa kasha lake likitoka mtamboni, na tusipofikia lengo ndani ya siku arobaini kila mtu anarudishiwa chake.

Siku ya thelathini wachangiaji walikuwa kumi na mmoja. Saba tulikuwa sisi wenyewe. Wawili walikuwa Shangazi, aliyechanga mara mbili akidhani mara ya kwanza simu haikumsikia.

Ndipo Mchoraji akavaa shati lililopigwa pasi, akajirekodi video akieleza mchezo kwa utulivu na heshima. Hakujua kwamba nyuma yake, mezani, mbwa wetu aitwaye Mlafi alikuwa anakula karata za mfano, moja baada ya nyingine, bila haraka. Mchoraji aliposema, "Mchezo huu unafaa kwa rika zote," Mlafi alimeza ya mwisho na kulamba meza. Mchoraji alikuja kujua kwa kinyozi, siku ya pili yake.

"Kaka, si wewe yule unayeliwa karata?"

"Naliwa nini?"

"Kaa hapa nikuonyeshe. Nimeitazama mara tisa, na mama yangu mara tisa."

Lengo lilipitwa zikiwa zimebaki siku nne.

MAFANIKIO

Makasha elfu moja yalichapwa na yote yalikwisha. Ndani ya kila kasha tuliweka kikaratasi: "Umempenda huyu wa kwenye karata? Njoo umwone mwenyewe." Watu wakaja. Walipanga foleni hadi kwenye karakana ya magari, wakiwa na karata mikononi, wakiulizia mbwa kwa majina kama wageni waliokuja kuona wagonjwa.

Karani, anayetembea kama amechelewa kusaini, amechukuliwa na mwalimu mkuu. Tunasikia walimu wote siku hizi wanawahi. Spika, asiyenyamaza, amechukuliwa na babu mmoja asiyesikia vizuri, na wote wawili wamenenepa. Mlafi amechukuliwa na muuza nyama. Tulimwonya. Alisema anajua anachofanya. Tangu siku hiyo hatujamwuliza tena, na yeye hajatueleza.

Kwa jumla, Mstahiki Meya, mbwa ishirini wamepata nyumba.

CHANGAMOTO

Mbwa walikuwa ishirini na mmoja.

Tunaomba utuvumilie hapa, maana sehemu hii ilitushinda kuandika mara tatu. Mchoraji alipofika kwa Kiraka, yule mwenye doa jeusi juu ya jicho la kushoto, hakumchorea karata mbili. Alimchorea moja. Kiraka ndiye aliyekuwa akilala juu ya miguu yake majira yote ya baridi alipokuwa akichora wengine, na Mchoraji alituambia, "Huyu hana wa kufanana naye. Anakaa peke yake." Alimchora kwa rangi zake nzuri kuliko zote.

Tulipoketi kutunga kanuni, tukakuta karata moja isiyo na jozi. Mmoja wetu akasema, "Basi atakayebaki nayo mkononi mwishoni, huyo ndiye ameshindwa!" Sote tukapiga makofi. Mchoraji naye alipiga. Hakuna aliyefikiria hata dakika moja. Tulikuwa na furaha mno.

Sasa mji mzima una makasha elfu moja, na katika kila nyumba, kila jioni, mtu anapiga kelele, "Nimebaki na Kiraka!" na wengine wanamcheka. Watoto walipokuja hapa na wazazi wao, walimtambua kabla hatujafungua mlango.

"Mama, ni yule! Ni yule wa kushindwa!"

"Usimguse, tusije tukaondoka naye."

Alikuja pia mfanyabiashara wa vyombo, mtu mzima mwenye tumbo na funguo. Alimpenda Kiraka kabisa, akamkuna masikio, kisha akasoma jina kwenye ukanda wa shingoni na kurudisha mkono mfukoni.

"Shangazi, mbwa mzuri. Lakini duka langu lenyewe linayumba."

"Baba mzima unaogopa karata?"

"Siogopi karata. Naogopa mkosi."

"Mkosi ni hizo bei zako!" alisema Shangazi, na mteja akapotea.

Anayeumia kuliko wote ni Mchoraji. Watu wanampongeza barabarani, "Mzee wa karata!" naye siku hizi hupita uchochoro wa nyuma. Kila asubuhi kabla ya kazi huja hapa, hubadilisha maji ya Kiraka, hufagia, lakini anafanya hivyo akiwa amegeuza uso. Kiraka, ambaye hajui kusoma kanuni, huenda kulala juu ya miguu yake kama zamani, na Mchoraji husimama hapo bila kuisogeza mpaka anachelewa kazini.

Hakukaa tu. Alimchukua kwake, katika chumba kimoja nyuma ya karakana yake ya mabango. Walikaa siku tatu. Hapa, Mstahiki Meya, tunalazimika kukiri jambo. Bango lako la usafi lilikuwa limelazwa sakafuni likauke. Kiraka alikanyaga kopo la rangi nyekundu, kisha akakupita usoni, kuanzia kidevuni hadi kwenye paji. Bango lilitakiwa kusimamishwa mchana uleule. Mchoraji aligeuza kila unyayo kuwa ua. Ulipopita na msafara wako ulisimamisha gari na kusema, "Haya maua yamenipendeza." Tulinyamaza. Leo tumeona tukuambie, kabla hujaambiwa na wengine.

Mwenye nyumba wake alipoona sakafu, alisema, "Ama wewe ama mbwa, na wewe mwenyewe bado nakufikiria." Shangazi naye anaishi ghorofa ya tatu, kwa mkataba unaokataza hata kasuku, na sisi wengine kila mmoja ameshachukua wake.

Mwenye ghala amepata mpangaji wa mbolea. Analitaka ghala lake mwisho wa mwezi huu, yaani Ijumaa. Mbwa asiye na mwenyewe siku hiyo hupelekwa kwenye boma la halmashauri, ambako hukaa siku kumi na nne. Ofisi yako ndiyo iliyoandika utaratibu wa boma hilo, kwa hiyo unajua kilichoandikwa kwa siku ya kumi na tano. Sisi hatutakisoma hapa. Kiraka anasikia.

MAOMBI

Mstahiki Meya, ombi la kwanza ni bomba la maji katika uwanja mdogo, ambao bado hauna ua wala banda, tuliopewa na mwalimu mkuu ili tuanze upya.

Ombi la pili ni utufungulie mchango wa toleo jipya la karata. Mchoraji alitaka kumwondoa Kiraka kabisa na kuweka paka mahali pake. Shangazi aligonga meza: "Ukimwondoa, utakuwa umemtupa mara ya pili!" Basi anabaki, rangi zilezile, peke yake vilevile. Kinachobadilika ni kanuni: atakayebaki naye mkononi ndiye mshindi. Wachangiaji sitini na wawili wametuandikia wakilalamika kwamba walizoea kushindwa. Tumewajibu kwa upole.

Ombi la tatu limeandikwa kwa penseli, na tunaomba radhi kwa mwandiko. Tumeliandika dakika kumi zilizopita, baada ya wewe kukubali kucheza mchezo mmoja na Shangazi, mwalimu mkuu na muuza nyama. Ulicheza vizuri. Hata hivyo, karata iliyobaki mkononi mwako sote tuliiona, na watu walicheka, hata dereva wako. Wewe hukucheka. Uliigeuza, ukaitazama, ukauliza, "Huyu kwani ana nini?"

Mchoraji aliangalia viatu vyake. Jibu letu ni hili: hana kitu. Anakula kidogo, hakojoi ndani, na akisikia redio hulala. Kosa lote ni letu sisi, tuliopiga makofi.

Makasha elfu moja hatuwezi kuyarudisha, na hakuna mtoto atakayesoma karatasi ya marekebisho. Lakini wewe umeshinda uchaguzi mara mbili. Watu wakikuona asubuhi ukipita sokoni na Kiraka kando yako, nani tena atasema huyu ni mbwa wa kushindwa? Hatukuombi fedha katika ombi hili. Tunakuomba utembee.

Tumemfungulia mlango. Ikiwa unahisi kitu kizito juu ya kiatu chako cha kulia, usishtuke. Huyo ndiye.

Tunakutakia afya, usingizi mtulivu na baraza lisilogombana. Mungu akubariki wewe na nyumba yako, na kila aliyemo humo, mwenye miguu miwili na mwenye minne.

Ni sisi,
Kikundi cha Mbwa na Watu Wao,
Ghala la Magunia.

Mstari uliobaki tumempa Mchoraji ausome mwenyewe. Ameombwa asimtazame Mgeni rasmi wala viatu vyake, amtazame anayemwambia:

"Kiraka, mama, nilikuchora peke yako kwa sababu sijaona wa kufanana nawe, halafu nikakuacha uchekwe. Meya akikuchukua, nitakuja kukuona kila siku. Asipokuchukua, Ijumaa natoka mimi na wewe kwa mlango mmoja, na chumba nitakitafuta nikiwa nimekushika kamba. Bomani hulali. Nimekuahidi, na hawa wote wamesikia."