Leland Crowell na Mawe Ishirini na Sita ya Mpaka wa Wescott

Ijumaa tarehe 31 Mei 2024, saa tisa alasiri, Leland Crowell atarudisha funguo za banda la zana na kumaliza miaka thelathini na sita ya kazi katika Idara ya Ardhi na Njia ya mji wetu wa Wescott. Kamati ya sherehe imenipa ukurasa mmoja wa kumweleza. Yeye mwenyewe amenipa sharti moja: nisiandike kwamba aliushinda ugonjwa wa Lyme, ule unaoletwa na kupe, wala kwamba ugonjwa ulimshinda. "Odete," aliniambia, "we andika nimechoka, na kwamba nina sababu ya kuchoka. Basi." Mimi ndiye karani wa idara, na katika ofisi hii nzima hakuna anayepaswa kulitii sharti hilo kuliko mimi. Sababu itaonekana.

Aliajiriwa Machi 1988, msimu wa matope, akiwa na miaka ishirini na saba. Siku yake ya kwanza alilizamisha gari la idara hadi milangoni nyuma ya bwawa la kinu cha zamani, akarudi kwa miguu kuomba trekta, akapewa sepetu. Tangu hapo amefyeka njia za msituni, ameinua kuta za mawe zilizobomoka na kukata miti iliyolalia nyaya baada ya kila dhoruba. Zaidi ya yote, amewaongoza madiwani kuutembea mpaka wa mji kila baada ya miaka mitano, kama sheria inavyotaka: jiwe hadi jiwe, mawe ishirini na sita, kila moja linasuguliwa kuvu na kuandikwa mwaka kwa rangi. Ameutembea mara nane, na hakuna mwingine aliye hai aliyewahi kufanya hivyo.

Mwaka 1994 waligundua kwamba jiwe la kumi na moja limefanywa figa la kuchomea nyama na bwana mmoja wa mji jirani. Madiwani walikuja juu. Leland aliketi, akala soseji aliyokaribishwa, akasubiri moto uzime, akapiga rangi yake, akashukuru kwa chakula. Jiwe lipo palepale mpaka leo. Duarte Furtado, dereva wetu, hupenda kusema kwamba Crowell anayajua mawe kuliko anavyomjua mkewe. Mkewe, Verna, ana jibu lake: "Mawe hayamuulizi takataka atatoa lini."

Waliofanya kazi hapa zamani wanaikumbuka kalenda ya kupe. Kila jioni vijana wa msituni walikaguana, na kila kupe aliyepatikana alibandikwa kwa gundi ya karatasi kwenye tarehe ya siku hiyo, pamoja na jina la aliyekutwa naye. Mwenye kupe wengi mwisho wa mwezi aliwanunulia wenzake donati. Tulidhani huo ndio uangalifu wenyewe. Haikutupitia akilini kwamba kupe aliyebandikwa ni yule aliyeonekana, na wa kuogopwa ni yule asiyeonekana, mdogo kama nukta ya kalamu, anayenyonya siku mbili mgongoni kisha akajiangukia.

Juni 1999, wiki chache baada ya matembezi ya mpaka, Leland alishikwa na homa na shingo ikakakamaa. Hakuna aliyeona ile alama nyekundu ya mviringo inayoutambulisha ugonjwa wa Lyme. Daktari alipomuuliza kama ameumwa na kupe, aling'oa ukurasa wa Juni ukutani akaupeleka kliniki. Kupe wake walikuwa kumi na mmoja. Daktari akawatazama kwa miwani akamwambia tisa kati yao ni kupe wa mbwa, hawana ugonjwa huo. Kipimo cha damu kilisema hana kitu. Siku hizi tunaambiwa kipimo kikifanywa mapema mno huweza kusema hivyo. Alirudishwa kazini. Oktoba goti lilivimba hata suruali haikupita, kipimo kikarudiwa, na safari hii kikasema anao. Alimeza dawa wiki nne. Goti likanywea. Uchovu ukabaki.

Hapo ndipo ilipoanza safari ambayo sitaisimulia yote, maana hata kuiandika inachosha. Daktari mmoja alisema vijidudu vimekwisha kufa, kilichobaki ni mwili uliotikiswa, na dawa zaidi hazitasaidia. Mwingine, wa jimbo jirani, alisema vimejificha, akamwekea mrija mkononi kwa miezi ya dripu. Wa tatu alimuuliza kama anaelewana na mkewe. Verna alikuwepo chumbani. "Mpaka leo asubuhi tulikuwa tunaelewana," alimjibu, "labda wewe ndiye uliyetuletea shida." Majira ya baridi ya dripu Leland alijisikia nafuu kidogo, kisha mrija ukaingia uchafu na akalazwa siku tisa. Hakuwahi kujua ile nafuu ilitoka kwenye dawa, au kwenye kupumzika, au kwenye kuaminiwa.

Na mji nao ukawa na madaktari wake. Kwenye foleni ya duka la kahawa kulikuwa na kambi mbili. Wa kambi ya kwanza walimpa majina ya waganga na mizizi, na walimkasirikia alipokataa dripu ya pili. Wa kambi ya pili walimwona amejaza mkokoteni wa mawe Jumatatu wakasema, "Mbona mzima?" Jumanne alipolala hadi saa sita mchana, hao hawakuwepo kumwona. Leland alikoma kuwajibu wote. Aliniambia mara moja kwamba kuugua kulimchosha, lakini kuueleza ugonjwa ndiko kulikommaliza.

Sasa nifike nilipotakiwa kufika. Mwaka 2003 mkuu wa idara wa wakati ule alinitaka niandike tathmini ya wafanyakazi. Mezani nilikuwa na barua mbili za madaktari, moja ikiikanusha nyingine. Nilijiona mwadilifu sana. Niliandika: "Anafanya kazi polepole, bila sababu iliyothibitishwa na daktari." Mwaka uliofuata nafasi ya msimamizi ilikwenda kwa mtu mwingine, na Leland akaambiwa tu kwamba wamepatikana wenye sifa zaidi.

Hakununa. Mwaka 2006 aliibana idara hadi ikanunua nguo zenye dawa ya kuua kupe, ikafuta mashindano ya donati, ikaamuru ukaguzi wa mwili mara mbili kwa siku, mgongo na nyuma ya magoti bila aibu. Tangu hapo vijana watatu wameonekana na ile alama ya mviringo. Aliwaendesha kliniki mwenyewe siku hiyohiyo, wakameza dawa, wakapona kabisa. Anafurahi kwa ajili yao. Nadhani pia inamuuma, na nisingemlaumu.

Utaratibu wetu unamtaka anayestaafu alisome faili lake lote na kutia saini kila ukurasa. Leland alilisomea mbele ya meza yangu, mwanzoni mwa Aprili. Alipofika 2003 alivua miwani.

"Kumbe ni wewe."

Nilisema ndiyo, ni mimi.

"Polepole, sawa," alisema. "Sibishi. Ila hiyo 'bila sababu', Odete! Miaka ishirini nilikuwa nadhani wanaosema hivyo ni wale wa dukani tu. Halafu unajua nini? Kuna miaka hata mie niliamini hivyohivyo. Nilikuwa nalala pale nikijiambia, amka, mvivu wewe." Akatia saini, akageuza ukurasa. Mimi ndiye niliyelia, na yeye ndiye aliyekwenda kuniletea maji.

Wiki mbili baadaye tulitoka kwa matembezi ya nane ya mpaka, nami nikiwa nimebeba daftari. Kwa kawaida ni siku mbili. Kwenye jiwe la kumi na tano Leland aliliinamia jiwe, akalipapasa, akalizunguka, kama alivyofanya kila safari tangu nimjue. Duarte hakuweza kujizuia.

"Mzee, dakika ishirini unalikagua! Unataka kulioa?"

"Silikagui," Leland alisema. "Nimechoka, Duarte. Mara zote ulizoniona nakagua jiwe, nilikuwa nimechoka."

Duarte ameucheka ukaguzi ule kwa miaka ishirini na mitano. Aliketi chini pale alipokuwa.

"Usikae kwenye majani, mpumbavu wewe! Kupe! Njoo ukae juu ya jiwe."

Wakabanana juu ya jiwe moja, watu wazima wawili, migongo ikigusana. Madiwani watatu walishusha mizigo yao, na mwenyekiti wao, ambaye si mtu wa subira, akasema tutaendelea kesho. Kesho tulikwenda mawe matatu. Mpaka ule ulituchukua siku tano, na taarifa ya mwaka huu ina tarehe tano. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kumbukumbu ya idara siruhusiwi kuifuta. Naruhusiwa kuongeza. Jumatatu hii nimeweka failini mwake karatasi yenye saini yangu na muhuri wa mji, na maneno yake ni haya: "Tathmini ya mwaka 2003 ilikosea. Sababu ilikuwepo tangu Juni 1999 na bado ipo. Madaktari hawajakubaliana waiiteje. Karani hakuwa na haja ya kungoja wakubaliane ndipo amsadiki." Amekwisha kuisoma. Alisahihisha herufi moja.

Leland, Idara ya Ardhi na Njia inakushukuru kwa njia zote tunazopita bila kukukumbuka. Hatukutakii nguvu mpya, maana umetakiwa hizo na watu wengi mno. Tunakutakia siku njema zinazokwenda kwa mwendo wako, wewe na Verna. Lala mchana utakavyo, na usimweleze mtu yeyote.