Mwaka Uliokuwa Mgongoni mwa Askari Wangu

Apewe sifa Bwana, ndugu zangu! Mnajua naona haya kusimama mbele, kwa hiyo nimeandika, na dada Neema ananisomea.

Baba yangu alikuwa baharia wa meli ya mizigo. Alifia ugenini karibu na Krismasi, akazikwa huko huko. Sisi hapa Mabawa hatuna hata kaburi la kupalilia. Nilikuwa mdogo, ile miaka ya foleni, sabuni yenyewe ya kutafuta. Chakula kikawa hakipiti. Mwaka uliofuata, nimekonda, mama akanipa askari wa plastiki, magoti yanakunjika. "Baba yako alikununulia kabla hajafa," akasema. "Mwenzake wa melini kaleta."

Nikala.

Ndugu zangu, yule askari ndiye alikuwa baba yangu! Nililala naye mpaka sekondari. Nilimwambia mambo ambayo Mungu sikumwambia. Na baba sikumlilia, kwa sababu nilikuwa na kitu alichokishika.

Sasa maduka yamejaa vitu. Mzee Gulam wa Usagara anauza na kutengeneza midoli ya zamani. Nikampelekea askari, goti limelegea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mgonjwa wako kaumia vita gani?"

Akamgeuza, akampaka unga wa chaki mgongoni, akafuta kwa kidole. Maandishi yaliyozibwa na uchafu yakatokea meupe: Hong Kong, na mwaka.

"Huu mwaka wa kalibu, lile umbo wanalomiminia plastiki," akasema. "Mdoli anaweza kutengenezwa miaka mingi baadaye. Kabla yake, haiwezekani."

Nikausoma tena. Ulikuwa mwaka uliofuata msiba. Baba alipokufa, askari wangu alikuwa hajazaliwa!

Nilimlaza kifudifudi mbele ya mama, chaki ingali mgongoni. Mama akaacha kuchambua mchele.

"Ulikuwa huli, mwanangu. Ungenifia na wewe."

Kumpata askari, alimpa baharia mmoja doti ya kanga, ile aliyoletewa na baba nilipozaliwa. Alikuwa hajaivaa hata siku moja, na enzi zile kanga dukani huzioni. "Sikuwa na kingine chake," akasema.

Nilikasirika, ndugu zangu. Akiniita, siitiki. Mpaka Jumapili ile hapa hapa, tumepiga magoti, nikaiona kanga aliyojifunga mama, imetobolewa na cheche za jiko. Bwana akaulainisha moyo wangu! Nikamlilia baba yangu kilio cha miaka yote ile. Mama naye akalia. Hatukuwahi kulia pamoja.

Sisemi huzuni imekwisha. Askari yuko dirishani, chaki sijaifuta. Ila sasa nasema na Mungu, na mama naye nasema naye. Ndugu yangu uliyebana kilio chako, mletee Yesu, hatakuona mtoto. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

Dada Neema, hapo nyamaza kidogo. Nataka nimfuate mama benchi la nyuma, nimshike mkono.