Mwalimu Varghese Kuruvilla wa Jimma, Aliyetosheka na Kiingereza

Basi lilimshusha Mwalimu Varghese Kuruvilla mjini Jimma, Ethiopia, jioni ya tarehe 3 Oktoba 1981, mvua ikinyesha, naye hajui hata kuuliza choo kiko wapi. Mkuu wa shule aliyempokea alimwambia, "Usiwe na wasiwasi, mwalimu. Hapa Kiingereza kinatosha." Yalikuwa maneno ya ukarimu. Ndiyo yaliyotuponza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1952 huko Kottayam, jimbo la Kerala, India, mtoto wa nne wa Mzee Kuruvilla, mkulima wa mpira, na Mama Aleyamma. Alisoma shule ya parokia, akahitimu shahada ya fizikia mwaka 1974. Nyumbani alisema Kimalayalam, kanisani alisali Kisiria, sokoni alipatana bei kwa Kitamil, na ndani ya treni alibishana kwa Kihindi. Familia inayataja haya ili asije mtu akadhani kichwa chake kilikuwa kizito.

Alifundisha fizikia hapa hadi alipostaafu mwaka 2012. Sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo muuza dawa, karani wa benki na fundi wa redio wote walikuwa wanafunzi wake. Kila alipojaribu neno la Kiamhari, walimwonea huruma na kumjibu kwa Kiingereza. Mwishowe akaacha kujaribu, akakaa mjini kama mgeni aliyefika jana.

Tarehe 26 Januari 1986 alifunga ndoa na Bi. Yeshimebet Wondimu, mshonaji. Makanisa yao ni ya ushirika mmoja, hivyo mapadri hawakuwa na neno. Bibi harusi ndiye aliyejifunza Kiingereza, akawa ulimi wa mumewe sokoni, kanisani na misibani. "Kwa lugha hii sijawahi kugombana naye nikashiba," alimlalamikia dada yake. "Nikilipata neno, hasira imeshapoa. Naye ananitabasamia." Alichotamani ni siku moja tu, mumewe amsikilize akisema kwa Kiamhari.

Mwaka 2014 wazee watatu walikuja kumposa binti wa ndoa hiyo, Hirut. Bi. Yeshimebet alikuwa kanisani. Kwa desturi yetu, washenga hawaketi mpaka wamesema lililowaleta. Marehemu akawaletea viti, wakakataa. Akaleta chai, wakakataa. Akaamua kuwa hawa ni watu wa idara ya maji, na wana hasira. Akawaongoza nyuma ya nyumba hadi kwenye mita iliyokuwa ikivuja. Wazee wakafuata, wakidhani ndiyo mila ya Kihindi. Msemaji wao akaitoa posa palepale, kwa methali zake zote, mbele ya mita. Aliponyamaza, baba wa binti akamkabidhi spana.

"Nimeoa nani mimi?" Bi. Yeshimebet alifoka aliporudi. "Umewafukuza wakwe."

"Mbona hawakuniambia kwa Kiingereza?"

"Washenga waseme Kiingereza, Varghese? Wamekuja kufanya mtihani wako?"

Ilimchukua mama wa binti wiki mbili za kuomba radhi nyumba kwa nyumba kuwarudisha.

Novemba 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Hospitalini wauguzi walimhudumia vizuri, kwa Kiingereza. "Hata kuumwa anaumwa Kiingereza," mkewe alisema.

Mchana wa Jumanne tarehe 4 Machi 2025, akiwa amekaa kando ya kitanda, Bi. Yeshimebet alianza kumlaumu kwa kukataa uji. Kiingereza kikamwishia. Akaendelea kwa Kiamhari. Akamweleza habari ya mama yake, aliyekufa bila kusikia asante kutoka kwa mkwewe. Akamweleza juu ya paa la jikoni linalovuja, na juu ya uchovu wa kusema kwa niaba ya watu wawili. Marehemu hakutabasamu. Mkewe aliponyamaza kujifuta uso, alimuuliza kwa Kiingereza, "Umemaliza?"

"Bado."

"Basi endelea."

Aliendelea hadi chakula cha jioni kilipoletwa, na kesho yake tena. Mwalimu Varghese alifariki Alhamisi asubuhi, tarehe 6 Machi. Mjane anasema alikuwa hajafika hata nusu ya aliyotaka kumwambia.

Ameacha mke; binti, Hirut; mkwe, Temesgen; wajukuu wawili; na dada, Annamma, aliyeko Kottayam. Kwa ombi la mjane, sala zote za leo ni kwa Kiamhari, na hakuna mtu wa kumtafsiria marehemu.

Yeye anakwenda, sisi tunabaki Jimma. Mungu ampe pumziko jema.